Robbie Williams: Maisha Ndani na Nje ya Take That

Mtoto wa mji wa wafinyanzi, 1974–1990

Robert Peter Williams, anayejulikana kama Robbie, alizaliwa tarehe 13 Februari 1974 katika mji wa Stoke-on-Trent, Uingereza. Mji huo ni muungano wa miji sita midogo ambayo kwa zaidi ya karne mbili iliishi kwa ufinyanzi. Sahani, vikombe na birika kutoka katika tanuri zake zilisafirishwa dunia nzima, na majina kama Wedgwood na Royal Doulton yalipigwa chapa chini ya vyombo ambavyo familia nyingi zilivitunza kabatini kwa ajili ya wageni. Lakini Robbie alipokuwa akikua, viwanda vilikuwa vinapunguza watu na migodi ya makaa ya mawe ya jirani ilikuwa inafungwa mmoja baada ya mwingine. Kijana ambaye masomo hayakumkubali hakuwa na pengi pa kushika.

Nyumbani kwao kulikuwa na kitu ambacho nyumba nyingi za jirani hazikuwa nacho. Baba yake, Peter Williams, alikuwa mchekeshaji na mwimbaji aliyejiita Pete Conway, na riziki yake ilitoka katika vilabu vya wafanyakazi na kambi za mapumziko. Wazazi wa Robbie waliwahi kuendesha baa ya Red Lion katika mtaa wa Burslem. Walitengana mtoto akiwa na miaka mitatu hivi, akabaki kwa mama yake, Janet, ila likizo nyingi alikuwa akimfuata baba yake kazini. Huko alijifunza mambo ambayo hakuna shule inayoyafundisha: namna ya kuingia jukwaani bila woga, namna ya kuisoma hadhira iliyochoka, na namna ya kumtania mtu wa mstari wa mbele hadi ukumbi mzima ucheke naye. Mambo hayo ndiyo yaliyombeba miaka yote, hata pale sauti yake, ambayo haikuwahi kuwa kubwa kupita za wenzake, ilipomwishia.

Shuleni hakung'ara, ila katika maigizo ya mtaani alitafutwa. Katika mchezo wa muziki wa Oliver! alipewa nafasi ya mwizi mdogo mjanja, Artful Dodger, nafasi inayodai kijana mchangamfu kuliko kijana mwenye sauti tamu. Mwaka 1990 mama yake aliona tangazo la kutafuta vijana wa kuunda bendi mjini Manchester. Robbie alikwenda kujaribiwa akiwa na miaka 16. Amesimulia kwamba habari ya kukubaliwa ilimfikia siku aliyojua kuwa amefeli mitihani ya mwisho.

Vijana watano na mtunzi mmoja, 1990–1992

Aliyetoa tangazo hilo alikuwa Nigel Martin-Smith, wakala wa wasanii wa Manchester. Wakati huo kundi la Marekani la New Kids on the Block lilikuwa limeonyesha kwamba vijana watano wanaoimba na kucheza wangeweza kuuza albamu, mabango, fulana na kila kitu kinachobandikika ukutani kwa msichana wa miaka 13. Martin-Smith alitaka kundi la Uingereza la namna hiyo. Tofauti ni kwamba alianza na mtunzi. Gary Barlow, kijana wa Frodsham, alikuwa amepiga kinanda na kuimba vilabuni tangu akiwa mdogo, naye alikuja na nyimbo zake mwenyewe, ukiwemo "A Million Love Songs" alioutunga akiwa na miaka 15. Kundi lilijengwa kumzunguka yeye. Howard Donald na Jason Orange walichukuliwa kwa ustadi wao wa kucheza, na Mark Owen kwa sura na haiba. Robbie aliingia wa mwisho, na ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote. Howard alimzidi karibu miaka sita.

Mpangilio huo ulikuwa na maana kubwa kifedha, na bila kuuelewa ni vigumu kuelewa yaliyofuata. Katika biashara ya muziki mwimbaji hulipwa kutokana na mauzo ya rekodi na maonyesho, lakini mtunzi ana fungu lake la pembeni: kila wimbo unapouzwa, unapopigwa redioni au kuimbwa na mtu mwingine, mirabaha humrudia. Katika Take That fungu hilo lilikwenda zaidi kwa mtu mmoja. Wanne wengine walifanya mazoezi saa zilezile, walisafiri katika gari lilelile na kupigiwa kelele na mashabiki walewale, lakini mwisho wa mwaka hesabu zao hazikufanana na za Barlow. Martin-Smith naye aliwawekea masharti makali. Mojawapo ya yaliyojulikana zaidi lilikuwa kutoonekana na wapenzi, kwa kuwa kila shabiki alitakiwa kuamini kwamba nafasi bado ipo.

Mwanzo ulikuwa mgumu. Kundi lilizunguka vilabu vya usiku vya kaskazini mwa Uingereza, vikiwemo vingi vya mashoga, likiwa limevaa ngozi nyeusi, na mchana lilitumbuiza mashuleni. Wimbo wa kwanza, "Do What U Like", ulitoka mwaka 1991 kwa lebo iliyoanzishwa na meneja mwenyewe. Video yake iliwaonyesha vijana hao wakipakana jeli mwilini na kuishia bila nguo. Ilizungumzwa sana, lakini wimbo uliishia nafasi ya 82 katika chati za Uingereza. Hata baada ya kampuni ya RCA kuwasaini mwaka huohuo, nyimbo mbili zilizofuata hazikufika popote. Mlango ulifunguka katikati ya 1992 kwa "It Only Takes a Minute", wimbo wa zamani walioupiga upya, uliofika nafasi ya 7.

Kileleni, 1992–1995

Wimbo ulioibadilisha hadhi ya Robbie ndani ya kundi ulikuwa "Could It Be Magic" wa Barry Manilow, uliotolewa mwishoni mwa 1992. Yeye ndiye aliyeimba sauti ya kwanza. Ulifika nafasi ya 3 na kupata tuzo ya Brit ya wimbo bora wa Uingereza mwaka 1993. Ikadhihirika kwamba mdogo wa kundi, aliyekuwa akihesabiwa mchekeshaji, angeweza kuubeba wimbo mzima. Hata hivyo nafasi kama hiyo haikumjia mara nyingi. Kuanzia "Pray", wimbo wao wa kwanza kushika namba moja, Julai 1993, Take That ilipanda kileleni mara nane kabla ya kuvunjika, na nyingi kati ya nyimbo hizo zilitungwa na Barlow. "Everything Changes" wa 1994 ndio pekee kati yake ulioongozwa na Robbie.

Mwaka 1995 "Back for Good" ulivuka bahari na kuingia kumi bora ya Marekani. Kwa kundi ambalo wakosoaji walikuwa wakilidharau, huo ulikuwa ushahidi kwamba Barlow ni mtunzi wa kweli. Kwa Robbie ushindi huo ulikuwa na uchungu wake. Alikuwa na miaka 21, kundi limefika juu kabisa, na yeye hakuwa na wimbo hata mmoja mkubwa wa kuuita wake. Alikuwa akinywa kupita kiasi na kutumia dawa za kulevya, mambo ambayo baadaye ameyasema waziwazi. Alilala akiwa amelewa, akaamka kwenda mazoezini, na wenzake waliokuwa wakijiandaa kwa ziara kubwa walianza kuchoka.

Nje ya kundi hali ya hewa ilikuwa imegeuka. Bendi za magitaa kama Oasis na Blur zilikuwa zimeiteka nchi, na sifa yao kuu ilikuwa ileile aliyoikosa Robbie: waliandika nyimbo zao wenyewe, walisema walichotaka na hawakuomba ruhusa ya meneja kwenda kulewa. Juni 1995 Robbie alitokea kwenye tamasha la Glastonbury, nywele zimepaushwa, jino moja limepakwa rangi nyeusi, akapanda jukwaani wakati Oasis wakitumbuiza na kucheza mbele ya maelfu ya watu. Picha zilisambaa nchi nzima. Mtu angeweza kuiona kama vurugu ya mlevi, lakini kilikuwa pia kitendo cha kijana anayejaribu kuonyesha upande anaotaka kuwepo.

Wiki chache baadaye, Julai 1995, suala la yeye kuondoka liliibuka mazoezini. Wenzake walimwambia kwamba kama anakusudia kwenda, basi aende sasa ili wajipange watu wanne kwa ziara. Akaenda. Wamesimulia kwamba alipokuwa akitoka alichukua tikiti lililokuwa mezani na kuuliza kama anaweza kuondoka nalo. Mashabiki walilia barabarani. Miezi saba baadaye, tarehe 13 Februari 1996, wanne waliobaki walitangaza kuvunja kundi, na nchini Uingereza zikafunguliwa namba maalumu za simu za kuwafariji wasichana waliovunjika moyo. Siku hiyo Robbie alikuwa akitimiza miaka 22.

Mikataba, mahakama na "Angels", 1996–1998

Kutoka kwenye kundi ni jambo moja, kutoka kwenye mkataba ni jingine. Robbie alikuwa bado amefungwa na kampuni iliyomiliki rekodi za Take That, na kwa miezi mingi hakuruhusiwa kutoa wimbo wake mwenyewe. Ilibidi wanasheria waingie kati hadi suluhu ikapatikana. Martin-Smith naye alimdai kamisheni mahakamani na akashinda. Vijana wengi wa makundi ya aina hii wamezikwa kisanii na kipindi kama hicho: jina bado lina joto, lakini hakuna bidhaa ya kuuza, na joto linapoa kwa gharama za mawakili.

Katikati ya 1996 alisaini na Chrysalis, lebo iliyokuwa chini ya EMI, na kazi zake zikasimamiwa na Tim Clark na David Enthoven, wazee wa tasnia waliomwelewa na kumvumilia. Wimbo wake wa kwanza ulikuwa "Freedom" wa George Michael, naye pia mtu aliyewahi kuhangaika kujitoa katika sura ya kipenzi cha wasichana. Ulifika nafasi ya 2. Lakini ulikuwa wimbo wa mtu mwingine, na swali la msingi lilibaki palepale: Robbie angeimba nini kilicho chake?

Jibu lilikuja mapema 1997 alipokutanishwa na Guy Chambers, mpiga kinanda aliyewahi kupitia bendi ya World Party. Robbie alikuwa na maneno mengi, mashairi aliyoyaandika tangu ujanani, vichekesho, majuto na hasira, pamoja na sikio la wimbo unaonasa. Hakuwa na ufundi wa kuvipanga. Chambers alikuwa na ufundi, na alikuwa hajapata wa kumbebea nyimbo zake hadi kwa watu wengi. Kila mmoja alikuwa na kilichompungukia mwenzake, na ndani ya siku chache za kwanza walikuwa wameandika sehemu kubwa ya albamu nzima.

Albamu hiyo, Life Thru a Lens, ilitoka Septemba 1997 na kwa miezi ya kwanza haikununuliwa. Nyimbo zilizoitangulia ziliporomoka: "Old Before I Die" ilifika nafasi ya 2, "Lazy Days" ya 8, na "South of the Border" ya 14. Magazeti yalianza kuandika taazia ya kazi yake, huku Barlow, aliyetazamiwa na wengi kuwa ndiye atakayefaulu peke yake, akiwa tayari na nyimbo mbili zilizoshika namba moja. Robbie aliingia kliniki ya kutibu uraibu mwaka huohuo.

Desemba 1997 lebo ilitoa wimbo wa nne kutoka katika albamu, "Angels". Haukuwahi kushika namba moja Uingereza, nafasi yake ya juu ilikuwa ya 4. Lakini ulikataa kushuka. Uliimbwa harusini, mazikoni, katika baa usiku wa Krismasi na katika viwanja vya mpira, na ukauzwa zaidi ya nakala milioni moja. Uliipandisha na albamu iliyokuwa imesahauliwa, hadi mwaka 1998, zaidi ya miezi sita baada ya kutoka, ikashika namba moja. Mwaka 2005, katika tuzo za Brit, ulichaguliwa kuwa wimbo bora wa Uingereza wa miaka 25 iliyotangulia. Si rahisi kutaja wimbo mwingine uliookoa kazi ya msanii kwa uwazi namna hiyo. "Let Me Entertain You", uliofuata mapema 1998, ulikuwa kinyume chake kabisa, wa fujo na majigambo ya jukwaani, na kwa nyimbo hizo mbili Waingereza walimjua mzima: mtoto wa Pete Conway anayechekesha ukumbi, na mtu anayeogopa giza pindi taa zikizimwa.

Miaka ya ushindi, 1998–2003

Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. "Millennium", uliojengwa juu ya muziki wa John Barry kutoka filamu ya James Bond, ulimpa namba moja ya kwanza kama mwimbaji wa peke yake Septemba 1998. Agosti 1999 aliimba mbele ya watu 80,000 katika ngome ya Slane, Ireland. "Rock DJ" ulikuja mwaka 2000, ukiwa na video ambayo mwimbaji anavua nguo, kisha ngozi, kisha nyama, hadi inabaki mifupa inayocheza, na vituo vingi vya televisheni vilikata sehemu ya mwisho. Video hiyo ilistahili kutazamwa kwa makini kuliko ilivyotazamwa. Aliyekuwa ameuzwa kwa mwili wake tangu miaka 16 alikuwa anauliza umati umebakiza nini cha kudai.

Mwaka 2001 alifanya jambo ambalo washauri wa kawaida wangemkataza. Alirekodi Swing When You're Winning, albamu ya nyimbo za enzi za Frank Sinatra na Dean Martin, nyimbo ambazo baba yake aliziimba vilabuni, na akazitumbuiza katika ukumbi wa Royal Albert Hall na okestra kamili. "Somethin' Stupid", alioimba na mwigizaji Nicole Kidman, ulishika namba moja wakati wa Krismasi. Mama waliokuwa wakimwona mhuni walianza kununua rekodi zake pamoja na binti zao.

Oktoba 2002 alisaini mkataba mpya na EMI ambao vyombo vya habari viliutaja kuwa wa pauni milioni 80, mkubwa kuliko wowote uliowahi kutolewa kwa msanii wa Uingereza. Ukubwa wa fedha ulivuta macho, lakini muundo wake ndio ulioingia katika historia ya biashara ya muziki. Hadi wakati huo kampuni ya kurekodi ilikula katika mauzo ya rekodi, na msanii alibaki na ziara na bidhaa zake. Mkataba huu uliipa EMI sehemu katika mapato ya maonyesho, haki za utunzi na bidhaa, ili nayo itoe fedha nyingi zaidi mapema. Watu walikuwa wameanza kupakua nyimbo bure kwenye intaneti, na EMI iliona kwamba siku za kutegemea uuzaji wa CD zinahesabika. Miaka michache baadaye mikataba ya namna hiyo ilikuwa ya kawaida kwa wasanii wachanga wasio na nguvu ya kudai hata robo ya alichopewa Robbie.

Wakati huohuo ushirika wake na Chambers ulivunjika. Escapology, albamu ya mwisho ya kipindi chao, ilitoka Novemba 2002 ikiwa na "Feel", wimbo uliopendwa sana barani Ulaya. Ndani yake kulikuwa pia na "Nan's Song", wa kumkumbuka bibi yake, ambao Robbie aliuandika peke yake, maneno na muziki. Ni wimbo mfupi na wa kawaida kimuundo, lakini kwa mtu aliyeishi miaka mitano katika kundi ambalo kalamu ilikuwa ya mwingine, ulikuwa hatua kubwa kuliko nyingi zilizotangazwa.

Kilele kilifika Agosti 2003 huko Knebworth, kaskazini mwa London. Kwa usiku tatu mfululizo watu 125,000 walijaa uwanjani kila usiku, jumla 375,000. Mark Owen alipanda naye jukwaani kuimba "Back for Good". Wachache walilitilia maanani wakati huo, kwa kuwa Take That ilionekana kuwa jambo la zamani.

Marekani pekee ndiyo iliyomkataa. Mkusanyiko ulioandaliwa kwa ajili ya nchi hiyo mwaka 1999, The Ego Has Landed, haukupanda juu, na juhudi zilizofuata hazikuzaa zaidi. Utani wake ulitegemea hadhira inayomjua tangu utotoni, na Wamarekani hawakumjua. Yeye alihamia Los Angeles na kufurahia kutembea barabarani bila kufuatwa.

Kuanguka kwa mshindi, 2004–2009

Na mshirika mpya, Stephen Duffy, alitoa Intensive Care mwaka 2005. Novemba mwaka huo tiketi milioni 1.6 za ziara iliyofuata ziliuzwa kwa siku moja, rekodi iliyoingia katika kitabu cha Guinness. Ziara ilianzia Afrika Kusini Aprili 2006 na kuzunguka viwanja vikubwa vya Ulaya, Amerika ya Kusini na Australia. Mwimbaji mwenyewe alikuwa anadidimia. Ameeleza jinsi hofu ya jukwaa ilivyomkaba katika ziara hiyo, akisimama mbele ya makumi ya maelfu huku akitamani kutoroka. Watu waliolipa hawakujua, kwa sababu mafunzo ya kambi za mapumziko yalimfanya atabasamu.

Oktoba 2006 ilitoka Rudebox, albamu ya midundo ya elektroniki na kurap, iliyochekwa na wakosoaji wengi. Ilishika namba moja kwa jina la Robbie tu, kisha mauzo yakakatika. Baadaye iliripotiwa kwamba nakala zaidi ya milioni moja zilizobaki ghalani zilisagwa na kupelekwa China kutengenezea barabara. Tarehe 13 Februari 2007, siku ya kutimiza miaka 33, aliingia kituo cha tiba huko Arizona kwa ajili ya utegemezi wa dawa za kuandikiwa na daktari.

Pigo la namna nyingine lilitoka upande ambao haukutarajiwa. Filamu ya televisheni ya Novemba 2005 kuhusu historia ya Take That iliamsha hamu ya watu, na wanne wale, Barlow, Owen, Donald na Orange, walitangaza ziara. Novemba 2006, wiki chache baada ya Rudebox, wimbo wao mpya "Patience" ulishika namba moja. Safari hii walikuwa wamebadilisha sheria za ndani: nyimbo ziliandikwa kwa jina la wote wanne na mirabaha kugawanywa. Barlow, ambaye kazi yake ya peke yake ilikuwa imezimika mwishoni mwa miaka ya 1990 huku Robbie akimkejeli hadharani, alirudi akiwa mtu mwingine. Jeraha lililomtoa Robbie mwaka 1995 lilikuwa limetibiwa bila yeye kuwepo.

Watano tena, 2010–2011

Mazungumzo ya kupatana na wenzake wa zamani yalianza Los Angeles, kwanza kwa mikutano ya kuombana radhi. Barlow na Robbie wameeleza kwamba walikaa chini na kila mmoja akataja yaliyomuumiza. Matunda ya kwanza yalikuwa "Shame", wimbo wa wawili hao kuhusu ugomvi wao, uliotoka mwaka 2010. Julai mwaka huo ilitangazwa rasmi kwamba Robbie amerudi Take That. Agosti alimwoa mwigizaji Ayda Field, na baadaye wakapata watoto wanne.

Albamu ya Progress, iliyotayarishwa na Stuart Price, ilitoka Novemba 2010 na kuuza zaidi ya nusu milioni nchini Uingereza kwa wiki ya kwanza. Nyimbo ziliandikwa na wote watano, na Robbie alipewa sauti ya kwanza katika kadhaa kati yake. Haikusikika kama bendi ya 1993. Ilikuwa na mashine, mashaka na watu wazima ndani yake. Ziara ya 2011 ilijaza uwanja wa Wembley usiku nane, na mpangilio wa onyesho ulieleza historia nzima: wanne walianza, Robbie akaja kuimba nyimbo zake peke yake, ndipo watano wakaimba pamoja. Ziara ilipokwisha alirudi kwenye kazi zake binafsi, safari hii bila ugomvi. Jason Orange naye aliondoka Take That mwaka 2014.

Baada ya 2012

Albamu ya Take the Crown ya 2012 ilimpa namba moja kwa wimbo "Candy", aliouandika na Barlow. Mwaka uliofuata Chambers alirudi, na Swings Both Ways ikawa albamu ya elfu moja kushika namba moja katika historia ya chati za Uingereza. Alikaa kwenye kiti cha jaji wa shindano la The X Factor mwaka 2018, akiwaamulia vijana kama yeye alivyoamuliwa. Mwaka huohuo alitumbuiza kwenye ufunguzi wa Kombe la Dunia mjini Moscow, uamuzi uliolaumiwa na wengi kwao. Michezo ya hisani ya Soccer Aid, aliyoianzisha pamoja na wengine mwaka 2006 kuichangia Unicef, iliendelea kukusanya mamilioni ya pauni.

Alipotimiza miaka 25 ya kuimba peke yake alirekodi upya nyimbo zake na okestra ya Uholanzi ya Metropole Orkest katika albamu ya XXV. Septemba 2022 ilikuwa ya 14 kwake kushika namba moja, akampita Elvis Presley na kuwa msanii wa peke yake mwenye albamu nyingi zaidi kileleni Uingereza. Tuzo zake za Brit, zikijumuishwa na za Take That, zimefika 18, na hakuna msanii aliyempita.

Mwaka 2024 ilitoka filamu ya maisha yake, Better Man, iliyoongozwa na Michael Gracey. Robbie anaonyeshwa ndani yake kama sokwe, aliyetengenezwa kwa kompyuta juu ya uigizaji wa Jonno Davies, kwa sababu alimwambia mwongozaji kwamba maisha yake yote amejiona kama mnyama anayetumbuiza watu. Baba anayeondoka, bibi anayempenda, meneja mkali, mwenzake Barlow mwenye madaftari ya nyimbo: wote wana sura za binadamu, yeye peke yake hana. Filamu ilipata hasara kubwa kwenye majumba ya sinema, lakini ilizoa tuzo nyingi Australia ilikopigwa na ikateuliwa kuwania Oscar ya athari za picha. Januari 2025 albamu ya nyimbo za filamu hiyo ilishika namba moja Uingereza, ya 15 kwake, idadi iliyomweka sawa na Beatles.